Kiporo Hakidai Moto, Kinadai Ukoko

(Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya wapishi wa nyumbani na wanafunzi wa upishi, ikaandikwa upya kwa ajili ya wasomaji)

Waheshimiwa wageni wetu, mama zangu, kina baba mliokubali kuja kusikiliza habari za jikoni, dada na ndugu zangu, assalamu aleikum, na hamjambo nyote.

Mada niliyopewa huenda ikasikika kama mzaha: namna ya kuchukua chakula kilichobaki na kukigeuza kuwa chakula kipya kwa mashine ya wafo. Kwa wale ambao hawajapata kuitumia, mashine hii ni mabati mawili mazito ya chuma yaliyounganishwa kwa bawaba, kila bati likiwa na vishimo vya miraba, na umeme huyapasha moto yote mawili kwa wakati mmoja. Kazi yake ya asili ni kuchoma rojo la unga, mayai, maziwa na siagi likawa andazi bapa lenye vishimo, lile ambalo hoteli za Nyali na Shanzu huliweka mezani asubuhi kando ya asali na matunda. Wengi walioinunua waliitumia kwa kazi hiyo siku za mwanzo, kisha ikapanda juu ya kabati na haijashuka mpaka leo. Nimekuja kuwaomba muishushe, lakini si kwa ajili ya rojo la unga.

Hoja yangu ni moja. Tunapokitazama chakula cha jana tunadhani kimepungukiwa na moto, na kwa hiyo tunakipasha. Tunatia maji kidogo kwenye sufuria, tunafunika, na tunangoja mvuke ufanye kazi yake. Tunachokipata ni chakula chenye moto ambacho bado ni cha jana: wali uliolainika kupita kiasi, sima iliyotota, chapati iliyolegea kama kitambaa. Kilichopotea usiku ule ni ule ukavu wa nje unaovunjika jinoni kabla ulimi haujafika kwenye ulaini wa ndani, na ukavu huo haurudishwi kwa mvuke. Kiporo kinadai ukoko, na mashine hii ya mabati mawili hutengeneza ukoko kuliko chombo kingine chochote kinachoingia katika jiko dogo.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa thamani ya ukoko. Hakuna nyumba ya Kibokoni wala ya Majengo ambayo watoto hawajapata kugombania matandu ya wali wa nazi, na wapo watu wazima wenye heshima zao wanaoomba wakwanguliwe chini ya sufuria kabla ya kupakuliwa wali wenyewe. Tena bibi zetu walijua namna ya kuupata ukoko huo pande mbili: walipalia. Makaa yaliwekwa juu ya mfuniko kama yalivyokuwa chini ya sufuria, na kwa njia hiyo hiyo mkate wa kumimina ulikauka juu bila kuungua chini. Mashine ya wafo ni huko kupalia kwa njia ya umeme, isipokuwa hapa bati la juu linakigusa chakula chenyewe, na zile kingo za miraba zinaongeza eneo linalokutana na moto. Kipande cha sima kilichotoka humo kina ukoko mwingi kuliko kipande hicho hicho kilichokaangwa kwenye kikaango bapa, na hakikuhitaji kugeuzwa.

Naomba nieleze kidogo kinachotokea ndani, kwa sababu anayeelewa sababu hahitaji kubeba karatasi ya mapishi. Chakula hubadilika rangi na kutoa ile harufu ya kuchomwa pale protini na sukari zilizomo zinapokutana kwenye joto la takriban nyuzi 140 na kuendelea. Mmenyuko huo unaitwa kwa jina la mkemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 100, na maadamu uso wa chakula una maji, joto la uso huo halivuki hapo hata bati likiwa na moto wa kuunguza. Ndiyo maana kiporo chenye maji hakipati rangi. Kinachemka tu ndani ya mashine. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila chakula kinachotaka kuingizwa humu ni hili: maji yake yako wapi, na yatatokea njia gani?

Jambo la pili ni wanga. Wali, sima, mkate na viazi vikipoa, chembe za wanga hujipanga upya na kukaza, na ndiyo sababu mkate wa jana huonekana mkavu hata kama umefungwa vizuri na haujapoteza maji mengi. Kukaza huko tunakulalamikia mezani, lakini mbele ya mashine ni faida, kwa kuwa wali uliolala kwenye friji hushikana na kushika umbo, ilhali wali uliotoka jikoni sasa hivi huwa unyevu na kunata. Moto ukishapita nyuzi 60 hivi, wanga ule hulainika tena kwa ndani. Basi tunapata tunachokitaka: nje pamekauka, ndani pamerudi.

Historia ya chombo hiki sitaikalia sana. Ulaya walikuwa na vyuma vya kushika kwa mipini mirefu juu ya moto wa kuni karne nyingi zilizopita. Nchini Marekani, Cornelius Swartwout wa mji wa Troy, New York, alipata hataza ya chuma cha kuweka juu ya jiko tarehe 24 Agosti 1869, na kufikia 1911 kampuni ya General Electric ilikuwa imetengeneza cha umeme cha majaribio. Kisa ninachokipenda zaidi, kwa kuwa nchi yetu ni ya wakimbiaji, ni cha Bill Bowerman, kocha wa riadha wa Oregon na mmoja wa waanzilishi wa Nike, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliichukua mashine ya wafo ya mkewe na kumimina humo malighafi ya plastiki ili apate soli ya kiatu yenye miraba. Soli aliipata baadaye na ikamletea utajiri, lakini mashine ile ilijifunga isifunguke tena kwa sababu hakuipaka kitu cha kuzuia kunata. Msimcheke. Ukiweka wali wa jana bila kupaka mafuta, mashine yako itafanya vivyo hivyo, na hapatatoka kiatu.

Sasa tuingie kwenye wali wa nazi, ambao ndio kiporo kikubwa cha mji huu. Ukiutoa kwenye friji asubuhi utaona punje zimeshikana mabonge, na mafuta ya tui yameganda meupe katikati yake. Mafuta hayo ni hazina, usiyaondoe. Chukua vikombe viwili vya wali huo, uvunjevunje kwa uma bila kuuponda, utie yai moja lililopigwa, kijiko kimoja cha unga wa ngano au wa dengu, dania iliyokatwakatwa, kitunguu cha majani, pilipili mbichi kwa kadiri ya uvumilivu wa nyumba yako, na chumvi kidogo sana, kwa maana wali ulikwisha kutiwa chumvi jana. Yai na unga ndivyo vitakavyoshikanisha. Acha mashine ipate moto kabisa, mpaka taa yake iseme tayari, upake mafuta bati la chini na la juu kwa brashi hadi kwenye pembe za vishimo, kisha ujaze wali katikati na kuusambaza, ukiacha ukingo wa upana wa kidole bila kitu. Funga, lakini usikandamize.

Hapo ndipo subira inapotakiwa. Mvuke utaanza kutoka pembeni kwa nguvu, na harufu ya nazi itajaa nyumba nzima hata jirani aulize. Maadamu mvuke unatoka kwa wingi, usifungue. Anayefungua mapema hukuta nusu ya wali umeshika bati la juu na nusu umeshika la chini, na hapo hakuna dawa. Ngoja mpaka mvuke upungue ubaki uzi mwembamba, jambo linalochukua kama dakika sita hadi nane kwa mashine nyingi, kisha inua mfuniko taratibu. Ukikataa kuinuka, usiuvute. Ufunge tena kwa dakika moja. Kitakachotoka kina rangi ya kahawia juu ya kila kingo, na ukikigonga kwa kijiko kitajibu. Kile nilichokiita matandu sasa kiko juu, chini na pembeni, na hapana mtoto atakayelia kwamba mwenzake amepata kingi zaidi. Kiliwe kwa mbaazi za nazi zilizopashwa moto, au kwa achari ya ndimu na yai.

Sima ni rahisi kuliko wali, kwani haihitaji yai wala unga. Ikikaa usiku mzima kwenye friji hukaza hata ikakatika kwa kisu kama mkate. Kata kipande chenye unene wa kidole, kikaushe uso kwa kitambaa safi, kipake mafuta pande zote na ukifungie ndani ya mashine. Huchukua muda mrefu zaidi, pengine dakika kumi, kwa sababu sima imebeba maji mengi ndani yake. Wazee wetu waliichoma sima ya jana juu ya makaa wakainywea chai, na hii ni njia ile ile yenye vishimo vya kuzuia mchuzi usikimbie. Mchuzi wa samaki wa kupaka ukimwagwa juu yake hukaa pale pale, na kwa maoni yangu sima hii ndiyo inayoifaa mashine kuliko vyakula vyote, pamoja na huo wali niliousifia kwa kirefu.

Mahamri yaliyolala hupasuliwa katikati na kuchomwa kwa dakika mbili tu, kwa moto mdogo, kwa kuwa yana sukari na sukari huungua upesi. Chapati hukunjwa ikiwa na nyama ya kusaga iliyokauka ndani yake. Mkate wa slesi unajulikana. Tusikae hapo.

Pilau inataka uangalifu. Kabla ya kuiingiza, toa vijiti vya mdalasini, iliki nzima na karafuu, maana bati likivigandamiza huungua na kuacha uchungu, na mlaji akivikuta ndani ya kitu kilichokauka havitemi kwa urahisi kama anavyovitema kwenye sahani ya pilau. Mifupa yote itoke, hata ile midogo ya kuku, kwa sababu huzuia mfuniko kufunga na kukwaruza ule utando unaozuia kunata. Biriani, kwa upande wake, isichanganywe. Wali wake uchomwe peke yake na masala yake yapashwe peke yake kwenye sufuria, kisha yamwagwe juu wakati wa kula. Anayevichanganya na kuvifungia pamoja anairudia ile kasoro ya maji niliyoieleza.

Viazi vinatupeleka kwenye katlesi. Wapishi wa Mombasa wanajua mchanganyiko wake bila kuambiwa: viazi vilivyopondwa, nyama ya kusaga au samaki aliyechambuliwa miba, thomu, dania, bizari na ndimu. Samaki wa kukaanga aliyebaki jana, ambaye akipashwa moto hutoa harufu isiyopendeza na kukauka kama ubao, huwa mtamu akichambuliwa na kutiwa ndani ya viazi hivyo. Badala ya kuzungusha mikononi, kuchovya katika yai na kuzamisha katika mafuta, tandaza mchanganyiko huo ndani ya mashine ukiwa umetiwa yai moja. Mafuta yanayotumika ni yale ya kupaka tu. Ladha si ile ile ya katlesi ya karai, na sitawadanganya kwamba ni ile ile. Ukoko wake ni mwembamba zaidi. Lakini kwa nyumba yenye mtu aliyekatazwa mafuta na daktari, ni njia ya kumrudisha mezani pamoja na wengine.

Vitu vya majimaji, kama mchuzi, mchicha, kisamvu chenye tui na maharagwe yenye supu yake, havina nafasi humu mpaka vichujwe na kukamuliwa. Maharagwe yaliyochujwa, yakapondwa na kutiwa unga wa dengu, huchomeka vizuri. Mchicha uliokamuliwa unaweza kuingia ndani ya wali kwa kiasi. Mchuzi ubaki mchuzi.

Ndugu zangu, yote niliyoyasema hayana maana ikiwa chakula kimeharibika kabla hakijafika kwenye mashine, na hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi. Husemwa kwamba akiba haiozi. Wali wa nazi huoza, na huoza haraka katika hewa yetu. Katika mchele kuna mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa mezani ukiwa na uvuguvugu, mbegu hizo huamka, bakteria huzaliana na baadhi yao hutengeneza sumu inayomfanya mtu atapike, nayo sumu hiyo haivunjwi na moto. Yaani mashine yenye nyuzi 190 itakupa ukoko mzuri juu ya wali wenye sumu, na hutaijua kwa macho wala kwa pua. Kwa hiyo ile kauli ya kwamba moto huua kila kitu tuiache.

Kanuni ya kawaida ya usalama ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto la hewa likipita nyuzi 32, kisikae zaidi ya saa moja. Katika miezi ya Februari na Machi, mchana wa Mombasa hufika na kupita hapo, na jiko lenyewe lina joto kuliko barazani. Basi hesabu yetu iwe saa moja. Wali uliobaki usiachwe ndani ya sufuria kubwa iliyofunikwa, maana katikati yake hukaa na uvuguvugu hadi usiku wa manane. Utandazwe kwenye sinia upoe upesi, kisha uingizwe kwenye friji iliyo chini ya nyuzi 5, na uliwe kesho yake. Stima ikipotea, friji isiyofunguliwa huhifadhi ubaridi kwa takriban saa nne. Zaidi ya hapo msijaribu bahati yenu, hasa kwa vyakula vya tui. Kiporo kilichokwisha kupashwa mara moja kisirudi kwenye friji kungoja mara ya pili. Na yule asiye na friji namshauri apike kwa kibaba cha watu waliopo, kwa sababu hotuba hii haimhusu na sitaki imletee maradhi.

Najua pia lipo suala la heshima. Katika nyumba nyingi za hapa, kumwandalia mgeni mwiku ni aibu, na wapo waume wasiogusa chakula kilicholala. Sipendekezi hila. Mwambieni mlaji kwamba huu ni wali wa jana uliopikwa upya, na mwacheni aamue baada ya kuonja. Lakini tupime aibu hiyo pamoja na ile nyingine tuliyoizoea. Tazameni mapipa ya taka asubuhi baada ya harusi, au katika mwezi wa Ramadhani baada ya futari iliyoandaliwa kwa macho yenye njaa, mwezi ambao kila siku tunakumbushwa kuhusu israfu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Kenya, Nairobi, lilieleza katika ripoti yake ya 2024 kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 yake ilitupwa majumbani. Kwa wastani ni kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka, kutoka jikoni, si kutoka sokoni. Chakula hicho kililimwa, kikasafirishwa hadi soko la Kongowea, kikanunuliwa kwa fedha ya mtu na kupikwa kwa gesi yake.

Kuhusu kununua mashine yenyewe, nina maneno machache. Nyingi hutumia kati ya wati 750 na 1,000, kwa hiyo ile ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo kwa dakika kumi hula kama sehemu moja ya sita ya yuniti ya umeme. Anayenunua ya mitumba asome kibandiko chake cha chini kabla ya kulipa. Umeme wetu ni wa volti 240, na mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani imeandikwa 120. Ukiichomeka hapa moja kwa moja itaungua, na muuzaji hatakuwepo tena mahali ulipomwacha. Chagueni yenye vishimo vifupi, kwa sababu vile virefu, ambavyo huvutia macho dukani, havijai vizuri kwa wali na hushika mabaki. Asiyetaka umeme anaweza kutafuta chuma cha pande mbili cha kuweka juu ya gesi, ambacho hugeuzwa katikati ya kupika. Na yule ambaye nyumbani kwake hakibaki kitu asinunue. Awape wenzake elimu ya kukadiria.

Baada ya kazi, chomoa waya, acha mashine ipoe hadi iwe na uvuguvugu, kisha ifute kwa kitambaa chenye unyevu, ukitumia brashi laini kwenye vishimo. Usiizamishe majini kamwe, wala usikwangue kwa kisu. Mabaki ya wali yaliyosahaulika humo yataleta sisimizi kabla ya alasiri. Kile chuma kisicho cha umeme kisioshwe kwa sabuni kali; kikaushwe juu ya moto na kupakwa mafuta kidogo kabla ya kuhifadhiwa, kwa maana hewa yetu ya chumvi hukitia kutu chuma kikavu kwa muda mfupi tu.

Pale mezani kuna sima ya jana, wali wa nazi uliolala kwenye friji na viazi vilivyopondwa. Wanafunzi wataanza kuchoma, nami nitajibu maswali wakati mvuke unatoka.